Jenerali wa Maharagwe Mekundu

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Amerika, vile vya karne ya kumi na tisa, sikuviona. Nilivisikia kwa Mwalimu Issa, naye alivisoma vitabuni. Nilichokiona kwa macho yangu ni maharagwe: mekundu jeshi la Kaskazini, meupe jeshi la Kusini, yamepangwa juu ya mchanga nyuma ya shule yetu huko Usumbura, Bujumbura ya leo, kiangazi kimoja nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Harufu ya mchanga ule, ukishamwagiwa maji, ningali naijua.

Mwalimu alichimba mito kwa kijiti, akainua vilima kwa viganja, akatuonyesha jinsi majenerali wa kule walivyogawanya majeshi, walivyomzunguka adui ubavuni, walivyokata reli iliyomletea chakula. Kisha akaweka kanuni: jenerali huupa mchanga mgongo, asijue lolote ila analoletewa na mpelelezi wake. Naye mpelelezi akirudi huulizwa kwanza, "Umeona au umesikia?"

Jenerali wa Kaskazini alikuwa binamu yangu Saidi. Kila mara Saidi. Nilimzidi alama, nikaujua kila mto kwa jina. Lakini mwalimu alisema Saidi ana jicho la vita, nami nikafanywa mpelelezi wake. Wivu ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Alasiri ya mwisho, ambayo mshindi angefanywa kiranja, nilitumwa kukagua kivuko. Nyuma ya kilima, pale pale kivukoni, maharagwe meupe yalijaa tele. Nikarudi.

"Umeona au umesikia?"

"Nimeona. Kivuko ni kitupu."

Saidi akavusha jeshi lake lote, likafagiliwa lote. Ukiranja ukaenda kwa mwingine, na mpaka tunamaliza shule wenzetu walimwita Jenerali Uji.

Leo sote wawili ni wazee wa Brussels. Nina rafu nzima ya vitabu kuhusu vita vile, wala hakuna mtoto anayenijia. Wajukuu wangu, kila Jumapili, huenda mtaa wa Koekelberg kwa Saidi, ambaye humwaga maharagwe mezani na kupigana upya. Jumapili moja niliwafuata.

"Donc, babu, ulishindwa namna gani?" mjukuu wangu mdogo akamuuliza.

"Haraka yangu, mutoto. Jenerali Uji, ni mimi!" Akacheka kuliko wao.

"Na mupelelezi alisema nini?"

Saidi akanigeukia. "Si huyu hapa? Bon, kaka, uliona ao ulisikia?"

"Niliona," nikasema. "Kivuko kilikuwa kimejaa adui. Nilikudanganya."

Kama alijua miaka yote hiyo, siwezi kusema. Mkewe anadai alijua, lakini hayo ni ya kusikia. Ninaloweza kuliapia ni kwamba Saidi aliinuka, akanipisha kiti cha jenerali, akasogeza maharagwe mekundu upande wangu, akaenda kukaa dirishani. Na watoto wote wakainuka, wakamfuata.