Cheti Chini ya Senene

Nakumbuka siku moja niligombana na karani wa posta pale Kayanga mpaka watu wa foleni wakaona haya kwa niaba yangu. Mwanangu, jana nilikusikia ukirudi na mzigo wako wa kahawa mkononi, unalalamika kwamba wale watu wa posta wana roho mbaya. Niliingia zangu jikoni. Si kwamba nilikubaliana nawe. Nilijiona mimi mwenyewe nikiwa na umri wako, na nikataka kwanza nicheke nikiwa peke yangu.

Kaka yangu Deusdedit alikuwa amepata kazi Morogoro. Aliondoka kwa haraka, akaacha cheti chake cha shule hapa Nyaishozi, ndani ya sanduku la mama. Akaandika barua: asipopeleka cheti halisi kabla ya mwisho wa mwezi, nafasi anapewa mtu mwingine. Tangu baba afariki tulikuwa tunamtegemea yeye tu, na barua ilipotufikia mwezi ulikuwa umebakiza siku kumi na mbili.

Ulikuwa msimu wa senene, wale panzi wetu watamu wa kukaanga, na mama asingeweza kumtumia mwanawe kitu bila kumwekea senene. Akawakaanga, akawafunga kwenye majani ya mgomba wangali wa moto, na chini yao akaficha cheti ndani ya bahasha ili mwizi akifungua asikione. Maskini mama yangu, alisahau kwamba hapa kwetu senene ndio wanaoibwa! Nami sikuona kosa. Tulitia vyote ndani ya boksi, nikalivalisha gunia, nikalishona kila upande kwa shazia, sindano kubwa ya magunia, na juu nikaandika kwa herufi kubwa: Byarugaba, Morogoro. Ndilo jina tulilomwitia nyumbani.

Nilifika posta ofisi ikikaribia kufungwa, maana pikapu niliyopanda ilisimama kila penye mkungu wa ndizi. Mbele yangu kwenye foleni alikuwa Mzee Salum, mwenye duka la vitambaa pale mjini, ambaye wazazi wake walitoka Tanga. Boksi lake lilikuwa wazi, na shazia lenye uzi kalichomeka kwenye kofia. Nilimcheka moyoni. Nikadhani uzee umemfanya asahau kushona.

Zamu yangu ilipofika nikausukuma mzigo dirishani. "Morogoro," nikasema, basi. Mimi niliyelelewa nisimpite mtu kwenye kibanja chake cha migomba bila kumsalimu na kumuuliza habari za watoto, nilimtupia mzigo mtu wa rika la baba yangu kama namtupia mbuzi majani.

Karani yule, Mzee Laurenti, mtu wa Muleba mwenye miwani minene, akaugeuza mzigo polepole. "Binti, ndani mna nini?"

"Vitu vya kaka yangu."

"Itabidi ufungue nivione, ndipo tufunge."

Mwanangu, nilipandisha hasira. Nikamwambia nimeshona tangu asubuhi, nikamwambia kazi yao ni kusumbua watu wa vijijini, nikasema na mengine ambayo sitayarudia hapa. Mzee Laurenti akanisogezea mkasi. Aliyegeuka ni Mzee Salum, aliyekuwa bado anakunja risiti yake.

"Mjukuu wangu," akasema, "mtu huyu hata shikamoo hujampa, na unataka akulindie kitu chako mpaka Morogoro? Shika mkasi huo, fungua."

Nikafungua kwa hasira, nakata nyuzi kwa vishindo ili kila mtu asikie. Halafu hasira ikaniisha yote. Mafuta ya senene yalikuwa yamepenya majani na bahasha imelowa. Nilipokitoa cheti, mafuta yalikuwa yameingia pembeni, yamebakiza upana wa kidole kufikia muhuri wa shule. Kama kingesafiri hivyo siku zote zile, kingefika hakisomeki. Nililia pale pale mbele ya watu, na sioni aibu kukuambia.

Mzee Laurenti akatoka nyuma ya dirisha. Akanipa karatasi kavu nikikaushe cheti, akanitafutia bahasha ngumu. Akaniuliza jina la kaka lililo kwenye kitambulisho, kwa kuwa kwa lile la Byarugaba peke yake asingekabidhiwa kitu, na sanduku la posta la ofisi ya kaka akalisoma kwenye barua niliyokuwa nayo. Cheti kikaandikishwa kwa rejesta ili kisipotee, kikaenda peke yake. Mzee Salum akanituma dukani kwake nikachukue kopo la bati lenye kifuniko, tukawahamishia senene humo, tena akaniazima shazia lake. Saa ya kufunga ilikuwa imeshapita na hakuna aliyenihimiza.

Wakati huo ndipo nikatoa shikamoo yangu. "Marahaba, mwanangu," Mzee Laurenti akaitikia, kana kwamba ndiyo kwanza naingia.

Kaka aliipata kazi ile, na mshahara wake ndio ulionisomesha mimi na wadogo zangu. Barua yake ya kutuarifu ilipofika, nilirudi Kayanga sina mzigo wowote, nikamwambia Mzee Laurenti kwamba cheti kimefika salama. Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Wanaorudi hapa ni waliopotelewa," akasema. "Wa kuja kuniambia mzigo umefika, wewe ndiye wa kwanza."

Basi kesho, mwanangu, nenda asubuhi, karani hajachoka na watu hawajajaa. Salimu kwanza, mambo ya mzigo baadaye. Upeleke wazi, uufunge akishauona. Kitu chenye mafuta usikichanganye na karatasi, hata mimi mama yako nikisisitiza. Andika jina kamili la mpokeaji kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, na namba yake ya simu, maana nyinyi mna bahati hiyo ambayo sisi hatukuwa nayo. Risiti itunze, ukiipoteza, hata mwenye moyo mzuri hana pa kuanzia kukutafutia. Usilolielewa uliza kwa upole. Na ukiyasahau haya yote, basi shika moja tu: mzigo ukifika, rudi umwambie karani aliyeupokea.

Mungu akupe wa kukupokea vizuri kwenye kila dirisha utakalosimama mbele yake. Na siku utakapokuwa wewe uliyekaa ndani, umechoka, watu wamekusema tangu asubuhi, akuletee japo mtu mmoja asiye na shida yoyote, aliyekuja kukushukuru tu.