Mkwe Asiyekimbiwa

Jenista hakuwa mtu wa kuficha wivu. Alipokuwa mdogo kwao Mbozi aliwahi kususa chakula kwa sababu dada yake ametumwa dukani na yeye kaachwa, na huko kutumwa kwenyewe kulikuwa kwenye mvua kubwa. Akakua na wivu wake, akahamia nao Tunduma, akaajiriwa nao kwenye ofisi ya wakala wa forodha. Madereva wa malori walijifunza mapema kwamba ukimsalimia mwenzake kabla yake, karatasi zako zitakaa sana chini ya kikombe chake cha chai. Aliko, fundi wa matairi, mtu mpole wa kutoka Ileje, alimwoa akiyajua yote hayo na bado akajiona ana bahati.

Pasaka ya kwanza baada ya harusi, Aliko akampeleka kwao. Harusi ilifungwa Tunduma, na baba yake, Mzee Nathanaeli, hakufika kwa sababu ya mguu, kwa hiyo Jenista alikuwa hajamwona. Mzee huyo ndiye mwenye ile nyumba ya wageni ya zamani kando ya Mto Songwe, ambayo hata wafanyabiashara wa Mlowo wanaijua kwa jina la Gesti ya Mbao. Ni mbao tupu, sakafu mpaka dari, na aliyeijenga alikufa zamani, hata jina lake hakuna anayelitaja. Ina baraza refu linalotazama mto na ng'ambo ya Malawi, na huwezi kwenda chumbani, jikoni wala bafuni bila kupita kwenye baraza hilo. Hapo ndipo maneno yalipoanzia.

Jenista alikwenda amejiandaa. Jirani yake Aida, Mndali wa huko huko Ileje, alikuwa amemfunda: "Kwa wazee wa kule mkwe na baba mkwe hawakutani. Akija wewe unaondoka, ukija yeye anaondoka. Hamtazamani, hamsalimiani, hata jina lake hulitaji. Siku hizi wengi wameacha, ila huyo mzee wenu nasikia hajaacha." Jenista akanunua kanga za kujitanda, akafanya mazoezi ya kuinama na kupita upesi sebuleni kwake mpaka Aliko akamuuliza kama mgongo unamsumbua. Hakumjibu, alitaka iwe siri ya kumfurahisha.

Waliposhuka kwenye Noah, mzee alikuwa amesimama kwenye ngazi na fimbo yake. Jenista akavuta kanga mpaka puani na kugeukia ukuta. Akasikia fimbo inamjia moja kwa moja, na mkono mkavu ukaushika wa kwake.

"Karibu, karibu sana mgeni! Habari za Tunduma?"

"Shikamoo," alisema Jenista, kwa sababu hakujua aseme nini kingine.

"Marahaba! Chumba chenu kile cha mwisho, ukilala unausikia mto. Twende nikuoneshe."

Siku hiyo alifurahi, tusimsingizie. Alijiambia kuwa Aida ni mzushi na mzee ni mtu wa kisasa. Jioni walikaa naye barazani, akawasimulia mwaka ambao mto ulipanda mpaka wageni wakavua samaki kwenye ngazi, na bwana harusi aliyeanguka majini na suti ya kuazima. Alicheka kwa sauti nyembamba, mabega yakimtetemeka, na Jenista akacheka mpaka machozi. Alikuwa hajawahi kuchekeshwa hivyo na mzee yeyote wa kwao.

Kisha Tumpale akatokea jikoni na sinia la chai. Tumpale ni mke wa Watson, kaka mkubwa wa Aliko, na ndiye anayeiendesha gesti yote. Mzee alikatisha kicheko. Akagonga ubao kwa fimbo, akajiinua na ule mguu wake mbovu, akashuka ngazi mpaka kwenye majani yaliyolowa, akasimama ameipa nyumba mgongo. Tumpale akapita ameinama, kanga kichwani, macho chini, akaweka sinia na kurudi alikotoka. Ndipo mzee akapanda tena, suruali imelowa, akaendelea na hadithi.

Jenista hakuisikia hadithi hiyo. Kumbe Aida hakuzusha. Kumbe mzee anakimbia, ila anamkimbia mwingine. Mwanamke mmoja anashukiwa ngazi kwa mguu mbovu, na mwingine anashikwa mkono kama mnunuzi wa mahindi aliyekuja kulala usiku mmoja.

Asubuhi alianza kampeni. Aliposikia fimbo, alijibanza nyuma ya mlango.

"Umepotea, mgeni?" mzee akauliza kwa upole. "Bafu liko upande huu."

Mchana alijitanda kanga zote mbili akapita mbele yake ameinama kabisa.

"Una homa? Huku juu kuna baridi. Aliko, mtafutie mgeni dawa!"

Na kila mara Tumpale alipopita, ubao uligongwa na mzee akashuka. Kwenye jua akashuka, kwenye manyunyu akashuka. Jenista akaanza kumchukia Tumpale kwa mambo yasiyo na kosa: jinsi anavyofunga kanga, jinsi anavyokunja mashuka, hata jinsi ubao unavyolia akiukanyaga. Tumpale akafanya kosa la kumuuliza huku akitabasamu, "Kumbe wewe hakukimbii?" Jenista alikwenda chumbani, akalala kifudifudi na kuuma mto wa kitanda.

Aliko alimkuta hapo.

"Nani kakuudhi?"

"Baba yako ananipenda!"

Aliko akakaa chini kwenye mbao. Mwanaume mwingine angecheka, lakini yeye alijikuna kichwa sana, na Jenista akakujua kule kujikuna.

"Umefanya nini, Aliko?"

"Nilimpigia simu kabla hatujaja. Nikamwambia wewe ni mtu wa mjini, mambo ya kukimbiana yatakuchosha, utatuona washamba. Akuchukulie kama mgeni tu."

"Akasemaje?"

"Akasema, kama ndivyo mnavyotaka."

"Mnavyotaka! Mimi nilitaka lini? Nimevishwa pete kanisani, watu wameona, nakuja kwenu naitwa mgeni! Huyo Tumpale ni mke wa nyumba, mimi ni mteja! Ulimwonea aibu baba yako, au ulinionea aibu mimi?"

Jenista hakuweza kumwendea mzee mwenyewe, maana mkwe anayekwenda kudai akimbiwe anakuwa ameshasimama mbele ya baba mkwe. Aliko hakumwamini tena na ujumbe, kwa hiyo njia ilibaki kwa mtu mmoja tu, na ndiye asiyetaka kumwona. Watson angempelekea baba yake maneno, lakini Watson humsikiliza mkewe, Tumpale. Jenista akaumeza wivu wake, akashuka mtoni alikokuwa Tumpale anafua mashuka.

"Dada Tumpale, nisaidie. Nataka na mimi nikimbiwe."

Tumpale aliacha shuka likaelea kidogo.

"Mdogo wangu, unajua unachoomba?"

"Unacho wewe, kwa nini nisijue?"

"Mimi jana nilisimama jikoni nikakusikia unacheka naye." Tumpale alilikamua shuka kwa nguvu kuliko lilivyohitaji. "Nimeolewa hapa, nimezaa hapa, na huyo mzee sijawahi kusikia hadithi yake hata moja mpaka mwisho. Nikitokea, anakatisha. Chakula chake nakipika mimi, nikiumwa analia, Watson huniambia. Lakini uso wake siujui vizuri. Wewe umeshikwa mkono. Unadhani usiku nimelala?"

Walitazamana, kila mmoja na wivu wake, na hakuna aliyeona haya.

"Ukishavuka, hakuna kurudi," Tumpale akasema. "Chagua vizuri."

Jenista alikaa pale mpaka mashuka yakaisha. Alimfikiria yule bwana harusi na suti yake majini, na yale mabega yanayotetemeka. Kisha akasema, "Mwambie Watson."

Asubuhi ya kuondoka alitoka chumbani na begi. Mzee alikuwa kwenye kiti chake. Fimbo ikagonga ubao. Mzee akainuka, taratibu, kwa shida, akashuka ngazi, akatembea mbali kuliko alivyowahi kwenda kwa ajili ya Tumpale, karibu na maji kabisa, akampa mgongo. Jenista akainama akapita. Alikuwa amelisubiri hilo, na lilipokuja lilimjaa kifuani. Hakugeuka kumtazama, kwa kuwa sasa haikuwa ruhusa.

Walisubiri Noah nje ya uzio. Gari lilipofika lilishusha mama mmoja mnene wa Mlowo na mzigo wake, akaingia gesti. Mzee alikuwa amesharudi barazani.

"Karibu, karibu sana mgeni!" alisikika. "Umekuja wakati mzuri, mto umetulia. Kuna mwaka ulipanda mpaka hapa..."

Yule mama akaangua kicheko. Jenista alishika uzio kwa mikono yote miwili. Alitamani kumtoa yule mwanamke kwa nywele. Dereva akapiga honi.

"Twende, mke wangu," Aliko akasema. "Si umepata ulichotaka?"

"Nyamaza kidogo," Jenista akamwambia, kanga ikiwa imemfunika uso wote. "Baba anaongea."