Nyaya za Banda la Mtani Wangu

Nimekosa, ndugu zangu, wala simsingizii shetani. Hata mume wangu sijamwambia haya.

Kazi yangu ni kuwatafutia wafanyabiashara wadogo wa Newala mipango ya kupunguza matumizi ya kuni na umeme. Nazunguka mpaka Mnyambe, najaza fomu, nazipeleka ofisini. Wenye saluni, wenye mashine za kusaga, wote wananijua. Sifa zikanilevya!

Mama Fatu anaoka mikate. Yeye Mmakonde, mimi Mmakua wa Masasi, basi sisi watani, hatuonani bila kutukanana. Nilimpatia mpango wa oveni isiyokula umeme mwingi, aachane na moshi uliomharibu macho. Sharti lilikuwa moja: fundi mwenye leseni akague kwanza nyaya za banda.

Nikaenda mwenyewe. Waya umechubuka, soketi imeungua mpaka nyeusi. Fundi alikuwa Masasi na fomu zilikuwa zinafungwa kesho yake. Kumwambia mtu aliyenikaribisha chai kwamba hafai kupewa oveni, nikaona haya. Onyo nikalipitisha kwenye utani.

"Mtani, hili banda litawaka na wewe ndani, nije nile ubwabwa wa msiba wako."

Akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema Wamakua msiba tunaupendea sinia. Nami nikatiki pale: nyaya zimekaguliwa, ziko salama. Nikatia saini.

Oveni ikaletwa, na mwezi haukuisha! Saa nne asubuhi soketi ikashika moto, Mama Fatu akakimbilia kuchomoa plagi. Wamemtoa mzima, lakini mikono yote miwili imeungua. Mtu mwenye mikono yake ya kukandia unga, leo analishwa uji na binti yake.

Nilikwenda hospitali. Nikamwamkia mama yake shikamoo, hakuitikia. Kaka wa Mama Fatu, mjomba wa akina Fatu, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, akanivuta pembeni akaniuliza taratibu:

"Ulisema litawaka naye ndani. Ulijuaje?"

Jamani, wanadhani nimemroga! Wameitisha kikao cha ukoo kesho na mimi nimeitwa. Nikinyamaza, mimi mchawi. Nikisema kweli, mimi ndiye niliyemchoma kwa kalamu. Naogopa, sifichi. Pikipiki ikipunguza mwendo mlangoni kwangu, nazima taa.

Na anayenitetea nani? Mama Fatu mwenyewe, kalala na bandeji mpaka viwikoni. Anawaambia wamwache mtani wake, yale yalikuwa maneno ya utani tu. Heri angenitukana.

Wewe unayewajazia wenzako fomu, nisikilize. Ukiona waya mbovu, sema waya mbovu, uso mkavu, hata kama ni mtani wako, hata kama atakununia na mpango ataukosa. Usitiki usichokikagua!

Mimi kesho nitakwenda na nakala ya ile fomu. Nitaanzia hospitali, kwa Mama Fatu. Nitamsomea mwenyewe, maana kuishika hawezi.