Mvua ya Kwenye Simu

Mwinjuma Mdoe wa Misima, Handeni, alipofungua simu asubuhi ile, hata uso hajanawa, alikuta mvua imeshanyesha, haijanyesha, itanyesha Jumanne, na mwaka huu haitanyesha kabisa. Yote hayo kabla chai haijachemka.

Simu yenyewe alinunuliwa na binti yake Ikram, anayefanya kazi Korogwe mjini, ili wawe wanaonana sura. Muda si mrefu Mwinjuma akajikuta kwenye magrupu ambayo hakumbuki aliingiaje: la ukoo, la msikiti, la wazazi wa shule, la wauza mbuzi, na mawili ya wakulima, moja kubwa mno, nusu ya waliomo hawana majina, namba tu. Humo watu waliombeana dua, walitangaza misiba, waliuza dawa ya viwavi. Yeye alilelewa kwamba mtu akikusalimu usipoitikia umemtukana, kwa hiyo kila salamu aliijibu na kila mfiwa alimpa pole. Siku moja alimpa pole mtu aliyetangaza harusi.

"Baba Ikram," mkewe Shamsia alimwambia, "humo ndani una wakwe wangapi? Unavyoitikia utadhani unaogopa kunyimwa mke."

Jikoni, juu ya mafiga, yalining'inia mahindi ya mbegu, yamefungwa mafungu kwa maganda yake, meusi kwa moshi. Ilikuwa mbegu nyeupe ya kienyeji, ndiyo pekee iliyobaki baada ya mavuno mabaya. Ikipotea, masika haya hawana cha kupanda, na ya dukani hawakuiweza.

Misima watu hupanda vumbini. Unapiga mashimo ardhi ikiwa bado kavu, mvua ya kwanza ikija ikute mbegu iko chini. Ukiwahi mno, kwale na panya wanafukua. Kikija kimvua kidogo kikakatika, ndiyo balaa zaidi: mbegu inachipua, halafu inakauka. Kazi yote iko katika kuchagua siku. Miaka mingi Mwinjuma aliichagua mwenyewe bila kujua anaichaguaje. Aliamka tu, akachukua jembe. Sasa kila alipokaa kufikiri, simu ilitetemeka.

Ikaja sauti ya mwanamume kwenye lile grupu kubwa: "Ndugu zangu, mvua imeshuka! Nimelowa mpaka soksi. Mwenye mbegu asilale!" Nyuma ya maneno, maji yalikuwa yakipiga bati kwa kishindo. Kishindo hicho ndicho kilichommaliza Mwinjuma. Akamwekea Shamsia asikie.

"Nasikia," alisema Shamsia. "Inanyesha wapi?"

"Kwenye grupu letu la wakulima."

"Hilo grupu ni kijiji gani?"

Mwinjuma alikuwa keshasimama. Alishusha mahindi, wakapukuchua, na kesho yake wakaingia shambani. Mwinjuma alivuta kamba, akapiga mashimo. Shamsia akafuata nyuma akidondosha punje na kufukia kwa mguu. Vumbi lilipanda mpaka puani. Kabla ya kumaliza, Mwinjuma alimpiga picha mkewe ameinama, akaituma: "Misima tumeanza kazi." Vidole gumba vikamiminika, naye akavishukuru kimoja kimoja.

Wiki ikapita. Mawingu yalikuja yakaondoka. Kwale walianza kufukua mistari ya pembeni.

Asubuhi moja, kwenye grupu la ukoo, mtu akatuma picha aliyoitoa kwingine: shamba jekundu, mwanamke ameinama, na juu yake maandishi makubwa, MVUA YAFIKA HANDENI, WAKULIMA WAINGIA SHAMBANI. Moyo wa Mwinjuma ukaruka. Alitoka uani, akatazama juu. Anga lilikuwa jeupe kama sufuria. Labda imenyesha upande wa pili wa barabara?

"Mama Ikram, njoo uone! Wenzetu wameshapata!"

Shamsia aliisogeza simu karibu, akaiweka mbali, akaisogeza tena. "Huyu ni mimi."

"Wewe?"

"Kanga hii hapa nimeivaa. Na hicho kidole kilichoziba kona ni chako."

Kabla hajasema kitu, simu ikaita. Alikuwa Twaha, mdogo wake Shamsia, anayelima Mkata.

"Shikamoo shemeji! Hongereni, mmepata mvua. Mimi kesho nafukia mbegu."

"Usipande, Twaha! Huku vumbi tupu."

"Ah, shemeji, acha uchoyo. Picha nimeiona."

"Picha hiyo ni ya dada yako!"

"Ndiyo nasema. Dada namjua mimi, hawezi kuinama juani bure."

Twaha alikata simu akicheka.

Ndipo Mwinjuma akaitafuta namba ya yule aliyetuma sauti ya mvua, akaipigia. Mwenyewe akajitaja kuwa ni Habakuki.

"Mvua? Huku Dindira haijakatika, bwana, chai imenawiri mpaka raha. Kwani uko wapi?"

"Misima."

"Mzigua wewe," Habakuki akasema taratibu, "umepandia mvua ya mlimani?" Kisha akaangua kicheko, na Mwinjuma, asijue kwa nini, akacheka naye, mpaka alipoona Shamsia hacheki.

Alasiri wingu dogo likasimama juu ya shamba. Lilikuwa wingu la kimvua, si la mvua.

"Tukifukua, tutaokoa kiasi," alisema Shamsia.

"Ikinyesha kubwa je?"

"Sijui."

"Na tukiiacha?"

"Baba Ikram, mimi si grupu."

Mwinjuma aliiacha simu kitandani, ikitetemeka. Wakaenda na ungo. Mashimo yalikuwa kwenye mstari, hayakuwa magumu kuyapata. Alipiga magoti katikati ya shamba, akaanza kuchimbua kwa vidole. Punje ya kwanza ilikuwa kavu, ya pili hakuiona, ya tatu ilikuwa nzima.

"Mbona umeanzia hapo?" Shamsia aliuliza.

"Sijui."

Shamsia akainama mstari wa pili, akaanza na yeye. Tone moja likamwangukia Mwinjuma mgongoni, zito, la baridi. Akabaki na mkono ndani ya udongo, akisikiliza, asijue kama anataka lifuatwe na mengine au liishie hapo hapo.