Anataka Kunisamehe kwa Freni Niliyotengeneza Vizuri

Admin, jina langu usiliweke, na bale bananijua banyamaze. Mi ni baba wa miaka 49, niko na bibi na batoto batano, fundi wa magari hapa Baraka. Ninaandika na hasira, sifichi.

Wakati wa ile vita iliyotukimbiza kutoka huku, tukavuka ziwa mpaka Tanzania, nilikuwa na miaka 22. Mukubwa yangu, kaka wa tumbo moja na mi, ninayemuita Yaya, alikuwa na pikapu ya zamani. Freni yake ya mukono ilikuwa imekufa: kabo, ile waya ya kuikaza, ilikatika, unavuta, haishiki kitu. Kila akisimama mulimani anaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Nikamwambia, "Yaya, jiwe si freni. Leta hiyo gari."

Vipuri havikuwepo. Nilienda na baiskeli mpaka Mboko, nikatoa kabo kwa gari ya aina ileile iliyokuwa imeachwa kando ya barabara. Nikaisugua na mafuta ya taa, nikaipaka grisi, nikafungua magurudumu ya nyuma nikasafisha ndani, nikakaza nati mpaka freni ikashika. Kisha tukapakia mifuko ya mihogo, tukapanda mulima wa kwenda Fizi, nikazima moteri, nikavuta. Gari haikutikisika. Mukubwa mwenyewe alishuka, akaisukuma na bega, akacheka.

Siku nne kisha, bunduki zikaanza kulia. Mi nilikimbia na bantu wengine kwa miguu. Mukubwa alipanda Fizi na pikapu kumuchukua mama yetu, aliyekuwa anaishi kule. Alisimamisha gari kwenye muteremuko mbele ya nyumba, mama akiwa nyuma anapakia vyombo. Gari ikarudi nyuma, ikamubana kwenye ukuta. Mama hakufika ziwani. Walimuzika njiani.

Nilibakuta ng'ambo, kambini Tanzania. Sijakaa hata chini, mukubwa akasema mbele ya bajomba, "Kazi ya mikono yako ndiyo imemuua mama. Freni yako iliachia."

Nikauliza ni nini kilikatika. Akasema, "Unauliza chuma, na mama iko kwa udongo?"

Tangu siku ile, kule kambini mpaka tuliporudi Baraka, mi ni muuaji wa mama. Kaburi hawakunionyesha mpaka leo. Nilipooa, hakuna ndugu aliyekuja. Na mi mwenyewe niliamini. Miaka yote hii nikitengeneza freni ya muntu, ninaijaribu mara tatu.

Mwezi uliopita bibi ya mukubwa alikuja garaji, akakaa, akalia. "Shemeji, siwezi kufa na hii," akasema. "Asubuhi ile, kabla ya kupanda Fizi, bwana yangu aliitoa ile kabo yako. Aliitumia kufunga moteri kwenye mutumbwi uliotuvusha ziwa mi na batoto. Niliona na macho yangu, mi peke yangu. Alisema mulimani atatumia jiwe kama zamani."

Kisha akanishika mukono. "Usimwambie ni mi nilikuambia. Atanifukuza, na kwa uzee huu niende wapi?"

Kuvusha batoto wake simulaumu. Angeniomba, ningeitoa mi mwenyewe. Lakini kunibebesha maiti ya mama miaka yote hii, hapo ndipo ninamuchukia.

Sasa sikieni. Mukubwa ni muzee wa kanisa. Amenitumia habari kwamba Jumapili ataniita mbele ya bakristo wote, nipige magoti, anisamehe, ili familia iwe moja kabla ya ndoa ya binti yake.

Nikamupigia simu. "Yaya, unanisamehe nini?"

Akajibu, "Mudogo yangu, mambo ya zamani usiyachokoze. Kuja tu. Nimekuombea sana."

Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ule uliniuma kuliko maneno ya kambini.

Nikisema ukweli, atajua nimeupata wapi, na shemeji atalala inje. Nikinyamaza, batoto yangu bataniona nimepiga magoti kama muuaji wa nyanya yao. Nisipoenda, watasema nimekataa musamaha. Bibi yangu anasema nipige magoti, yaishe. Mutoto wangu wa kwanza anasema nikipiga magoti, atatoka kanisani na hatarudi kwangu.

Bamama na bababa mulio hapa, mungekuwa mi, Jumapili mungefanya nini? Musiniambie nisali. Nimesali.