Mwanafunzi Bora wa Darasa la Pili

Mwanafunzi bora wa darasa la pili kijijini kwao alikuwa na miaka sitini na saba, pumu, na meno manne ya bandia. Jina lake Pacita Sumagaysay, ila wote walimwita Bibi Pacing. Aliyeandikishwa shuleni alikuwa mjukuu wake, Rhealyn. Lakini tangu korona ifunge shule, masomo yalikuwa yakija nyumbani kwa vijitabu, na vijitabu vile Bibi Pacing alivipenda kuliko mchele mpya.

Usimcheke, hakuwa peke yake. Kila Jumatatu akina mama na mabibi walipanga foleni langoni mwa shule, barakoa mdomoni na ngao ya plastiki juu yake, wakirudisha vijitabu vya wiki iliyopita na kuchukua vipya. Ungewasikia wanavyonong'onezana!

"Bibi Pacing, lile swali la tano umejibu nini?"

"Robo."

"Ala! Mimi nimeandika nusu!"

"Basi umefeli, Bebing. Mwanao akikuuliza, sema kalamu iliteleza."

Yeye mwenyewe aliachishwa shule darasa la nne akavune mpunga, na hamu ya kusoma haikumtoka hata siku moja. Sasa hamu hiyo ikapata pa kutokea. Akishawalisha bata, alifuta meza, akachonga penseli, akavaa miwani. Mwanzoni Rhealyn aliketi naye. Mtoto akiuliza, "Bibi, hii herufi gani?" jibu lilikuwa, "Subiri kidogo mjukuu wangu, usinikatize." Alisubiri, akachoka kusubiri, akaenda zake kufukuza bata.

Muhula wa kwanza ulipoisha, kikaja kitambaa cha heshima cha mwanafunzi bora, cha kubandika kifuani. Bibi Pacing alivimba kichwa, mtu asikudanganye. Alimbandika Rhealyn, akampiga picha, akamtumia Jocelyn, bintiye, mama wa mtoto, aliyekuwa akifanya kazi za ndani Hong Kong. Jocelyn aliwaonyesha rafiki zake wote. Na Rhealyn, miaka saba, hakuweza kusoma jina lake lililoandikwa pale kifuani. Bibi Pacing alilijua hilo, na kila usiku lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mwezi wa Novemba Mwalimu Villavert alikuja, akasimama nje ya uzio.

"Bibi, shule yetu imechaguliwa kufunguliwa kwa majaribio! Watoto wachache tu, asubuhi tu, madawati yametenganishwa. Rhealyn ana nafasi, lakini lazima mzazi akubali."

"Nimekubali!"

"Mzazi, Bibi. Nataka jibu la Jocelyn Jumatatu."

Bibi Pacing alicheza pale uani mpaka bata wakatawanyika. Shule! Mwalimu, ubao, kengele! Mtoto atafundishwa na mtu mwenye subira, na mwiba utatoka. Jumapili, siku ya mapumziko ya Jocelyn, simu ya video ilipoita tu aliidaka na kuyamwaga yote bila hata salamu.

"Haendi," Jocelyn alisema.

"Haendi vipi? Hujanisikia?"

"Nimekusikia, Mama. Watoto wanaukamata ugonjwa huko, wao hawasikii kitu, wanakuja nao nyumbani. Na nyumbani kuna nani? Wewe na pumu yako. Chanjo nayo unaikimbia kama mbuzi anayekimbia mvua. Ukianguka, nitakuzika kwa simu?"

"Nitakaa mbali naye."

"Nyumba ya chumba kimoja, utakaa mbali wapi, juu ya paa? Tena tuhatarishe maisha kwa lipi? Mtoto anasoma vizuri hapohapo. Kapata heshima, Mama! Wa kwanza! Kuna mtoto gani aliyefika shuleni akafanya hivyo?"

Hapo Bibi Pacing alibanwa. Kila alama nzuri aliyojipatia kwa penseli yake sasa ilikuwa sababu ya kumfungia mtoto ndani. Angenyamaza, angebaki mwanafunzi bora na bibi hodari, na Rhealyn angeendelea kufukuza bata. Angepasua ukweli, bintiye aliyemwachia mtoto asingemwamini tena. Kifua kikaanza kupiga filimbi. Akajikaza.

"Jocelyn, si yeye."

"Si yeye nini?"

"Wa kwanza si Rhealyn, ni mimi. Vitabu vyote najibu mimi. Mtoto hajui kusoma hata jina lake."

Uso wa Jocelyn ulisimama kwenye kioo, mdomo wazi. Bibi Pacing hakujua kama kilichokwama ni mtandao au ni mwanawe. Akaitikisa simu.

"Jocelyn? Uko hapo?"

"Niko hapa," sauti ikasema, nyembamba. "Hata hesabu, Mama?"

"Hesabu ndiyo naipenda zaidi."

Jocelyn akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, halafu kicheko kikageuka kilio, naye Bibi Pacing akalia huku, na Rhealyn akaja kutazama wamepatwa na nini.

"Nilimwonyesha bosi wangu ile picha," Jocelyn alisema akipangusa macho. "Nimekasirika, Mama. Ujue nimekasirika."

"Kasirika. Lakini sema aende."

Jocelyn akamtazama mtoto, akamtazama mama yake.

"Ukichanjwa, anakwenda. Usipochanjwa, haendi. Chagua."

Bibi Pacing aliogopa sindano kuliko nyoka. Tena alikuwa amesikia mengi kwenye foleni: fulani kavimba mkono, fulani kalala akafa, kila wiki habari ikiongezewa chumvi. Aliyapima yote usiku ule, pumu upande huu, mtoto upande ule, na kulipokucha alivaa gauni lake la kanisani akaenda kituo cha afya kabla hajapata muda wa kubadili mawazo. Wakamchoma ile chanjo ya sindano moja tu. Alifumba macho akasubiri kufa. Alipoyafumbua, muuguzi alikuwa akimwambia awapishe wengine kiti.

Jocelyn akampelekea mwalimu jibu siku hiyohiyo, na masharti yakawekwa. Mtoto akirudi, hakuna kumkimbilia Bibi, hakuna kuuchukua mkono wake na kuugusisha kwenye paji la uso kama watoto wa kwao wanavyotoa heshima. Kwanza bombani, sabuni, nguo zote ndooni, Bibi naye barakoa usoni. Kulala, huyu dirishani, yule mlangoni.

Siku shule ilipofunguliwa, Rhealyn aliingia langoni bila hata kugeuka. Bibi Pacing alirudi nyumbani akashindwa kukaa. Alifagia ua, akaufagia tena. Je, analia? Je, wanamcheka? Je, kuna mtoto anayekohoa pale? Saa sita mchana akaona barakoa ndogo ya bluu inakuja mbio barabarani, karatasi mkononi.

"Bombani! Bombani kwanza!" Bibi alipiga kelele huku akirudi nyuma.

Rhealyn alisimama bombani akainua karatasi juu kwa mikono miwili. Bibi Pacing alivaa miwani. Herufi zilikuwa zimepinda, moja kubwa moja ndogo, nyingine zimefutwa mpaka karatasi ikatoboka. Juu kabisa, kwa kalamu nyekundu: tatu kati ya kumi.

"Tatu!" alipiga ukelele, na Bebing akatoa kichwa dirishani kwake. "Bebing, kapata tatu! Tatu zake mwenyewe!"

Rhealyn alishusha karatasi, akamtazama bibi yake kwa mashaka.

"Lakini Bibi, wewe ungepata kumi."

"Mimi nimeshamaliza darasa la pili," Bibi Pacing alisema, machozi yakiingia chini ya barakoa. "Oga, mwanangu. Oga haraka uje unisomee hizo tatu."