Mstari Uliopita Chini ya Chemchemi

Siku niliyobeba fimbo ya kupimia ilianza kwa ukungu, kama zinavyoanza siku nyingi huku kwetu juu ya mji wa Karatu, pale mashamba ya ngano na mbaazi yanapokoma na msitu wa Ngorongoro unapoanza. Nilikuwa nimemaliza rozari na chai. Mwenyekiti wa kijiji alikuja mwenyewe kunichukua. Alisema wazee wamekubaliana kwamba mpaka wetu na msitu hautazungukwa na mgeni. Chombo cha kupimia kitabebwa na mtu anayeujua, na mtu huyo ni mimi.

Nilishukuru, na sitaficha kwamba nilijivuna kidogo. Baba yangu alitoka Endamarariek akiwa katekista kijana, akaja kufundisha dini hapa, nami nilifika nikiwa mgongoni mwa mama. Nilikua nikimfuata nyuma katika maandamano tunayofanya kila mwaka kabla ya kupanda, tunapouzunguka mpaka wa kijiji tukiimba na kuomba mvua. Wazee wa kale waliufanya mzunguko huo wakiongoza kondoo mweusi; sisi tunaongoza msalaba. Baba alipofariki nilishika kazi yake, na kwa miaka zaidi ya thelathini msalaba ule niliubeba mimi. Nani mwingine angeujua mpaka?

Mpima ardhi alikuwa mama wa makamo aliyetumwa kutoka Arusha. Alinisubiri shuleni, ambako alikuwa amesimamisha kipokezi kimoja juu ya nguzo ya zege. Cha pili, kilichofungwa juu ya fimbo ndefu, alinikabidhi mimi. Akanieleza kwamba kitasikiliza setilaiti zinazopita juu na kuandika kila mahali nitakapopita. Kwenye kila kona nisimame, nibonyeze kitufe, ningoje mlio. Alisisitiza jambo moja: nipite juu ya mpaka wenyewe, nisipite kando.

Nilimuuliza setilaiti hizo ni za nani. Akasema ni za Wamarekani, Warusi, nchi za Ulaya na Wachina. Nikamuuliza kama ndio hao hao ninaowasikia redioni wakitishiana kila asubuhi.

"Hao hao, mzee," akacheka. "Huku chini wanagombana. Lakini kuhusu setilaiti hizi wanakaa meza moja, wanaelewana mawimbi yao yasigongane na saa zao zilinganishwe."

Akaongeza kwamba nchi yetu haina hata setilaiti moja ya kuonyesha njia, na kwa sababu hiyo serikali inaandaa sera ya kueleza tutumie vipi za wenzetu. Yeye angetaka sera hiyo iseme kwamba mpaka wa raia usipimwe kwa mfumo wa taifa moja peke yake, kwa kuwa mwenye taa anaweza kuizima wakati wowote. Nilimsikiliza kwa adabu. Nilikuwa nikiwaza nyati.

Yeye alibaki shuleni; mimi nilipanda na askari wa wanyamapori mwenye bunduki, mtu wa Singida ambaye hakuwa amemaliza hata mwezi hapa kwetu. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba sikuuona mkono wangu vizuri nilipouinua. Mara mbili tulikuta kinyesi cha nyati kikitoa mvuke, na yule askari akanishika bega nisimame. Niliiacha miguu inipeleke. Ilikuwa inaijua njia. Kila kona nilibonyeza, nikangoja mlio, nikasema kimoyomoyo Salamu Maria, tukaendelea. Saa saba mchana nilimrudishia mama yule fimbo yake, naye akanipa mkono akasema nimefanya kazi nzuri.

Wiki mbili baadaye ramani ilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji. Alhamisi ya wiki ile maofisa wa wilaya wangekuja pamoja na watu wa wizara. Asubuhi wangepokea maoni ya wananchi kuhusu ile sera ya setilaiti, mchana tungeikubali ramani, nayo ingepigwa muhuri. Nyumba itakayokuwa upande wa juu wa mstari itahesabiwa kuwa ndani ya msitu, na mwenye nyumba atapewa barua ya kuhama.

Ilikuwepo nyumba moja tu upande huo wa juu.

Ilikuwa ya mjane wa rafiki yangu. Mimi na marehemu tulipata kipaimara siku moja, kwa hiyo mama huyu namwita shemeji, naye hunitania tangu ujana. Ana ekari tatu, chemchemi inayotoka chini ya mwamba kwenye kichwa cha shamba, nyumba ya matofali, na kaburi la mumewe kando ya nyumba. Vyote hivyo ramani ilikuwa imeviacha msituni.

Alikuja kwangu jioni ile ile, bado ameshika panga alilokuwa akikatia majani ya ng'ombe. Alianza kwa Kiiraqw chetu, maneno ya haraka ambayo sitayaandika. Kisha akageukia Kiswahili, kama tunavyofanya tunapotaka neno liwe rasmi.

"Shemeji, fimbo uliibeba wewe. Nyumba yangu umeiacha wapi?"

Nilimwambia kosa ni la mitambo. Nilimwambia setilaiti zile ni za mataifa yasiyotujua, yenye vita vyao na siri zao, na huenda ukungu nao uliziziba. Sikuwa namdanganya, niliamini nilichosema. Nilikuwa nimepita mpaka kama ninavyoupita kila mwaka.

"Basi kawaambie Alhamisi," akasema. "Mahubiri umetupa miaka yote hiyo mpaka watoto wakalala. Safari hii usituangushe."

Akaondoka. Usingizi ulinipaa siku mbili. Nilijaribu kusali na sala ikawa inakatika katikati, nashtuka nakuta nafikiria kaburi la rafiki yangu likiota miti.

Alhamisi darasa la saba lilijaa. Ofisa wa wizara alisoma maelezo ya sera, akauliza maoni, nami nikasimama wa kwanza. Nilisema kwa sauti niliyokuwa nikiitumia Ijumaa Kuu. Nilisema taifa lisilo na setilaiti yake likikubali kupimiwa ardhi na setilaiti za wengine, limekubali kuhukumiwa na mahakimu wasioijua lugha yake. Nilisema wakubwa wa dunia hawawezi kuaminiana, sisi tutawaaminije? Watu walipiga makofi. Shemeji alikuwa benchi la mbele, amevaa kanga aliyovaa kwenye mazishi ya mumewe, na niliona mabega yake yakishuka kidogo, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Mpima akaomba kujibu. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoanza kunitia hofu. Alisema hoja ya mzee ni ya haki, na kwamba ukungu hauzizibi setilaiti, ila miti na majabali huzisumbua. Akawasha projekta ukutani. Alikuwa ameitenganisha safari yangu mara nne, kila mfumo peke yake: mstari mwekundu wa Wamarekani, wa kijani wa Warusi, wa bluu wa Ulaya, wa njano wa Wachina.

"Tuseme hatumwamini yeyote kati yao," alisema. "Tumwite kila mmoja peke yake, kama shahidi, tumuulize mzee alipita wapi."

Mistari minne ilikwenda pamoja ukutani kama watu wa nyumba moja wanaorudi kutoka sokoni. Chini ya miti mikubwa iliachana kwa hatua moja hivi, ikakutana tena. Nimefundisha watoto kwa miaka mingi kwamba ushahidi wa watu wawili au watatu hulithibitisha neno. Hapa walikuwa wanne, na hawapendani.

"Hawa wameelewana jinsi ya kutokatizana sauti," akasema mpima. "Hawakukaa kikao kumtungia mama huyu uongo. Kwa hiyo, mzee, tukiacha setilaiti, zimebaki hatua zako."

Nikaitazama mistari. Ilipanda kutoka kwenye korongo ikiwa imenyooka, halafu, karibu na shamba la shemeji, yote minne ikashuka kwa pamoja, ikapinda kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba, ikapanda tena upande wa pili. Nililitambua tumbo lile.

Pale kwenye chemchemi ndipo wazee wa kale walipomchinja yule kondoo. Baba yangu alipofika alikatazwa na mapadre kupapita, naye akatukataza sisi. Maandamano ya msalaba yakifika karibu na mwamba huteremka, hupita njia ya chini, hupanda tena mbele. Hakuna aliyefikiri kwamba tunausogeza mpaka; kila mtu alijua mpaka uko juu ya mwamba na nyumba za chini yake ni za kijiji. Nilijua kwamba mpaka uko juu. Nilijua kwamba sisi hupita chini. Mambo hayo mawili niliishi nayo maisha yangu yote bila kuyakutanisha, na siku ile ya ukungu miguu yangu ilishuka yenyewe, fimbo ikiwa mkononi, na sikuliona hata paa la nyumba yake.

Ofisa wa wilaya alitazama saa. Akauliza kama kuna mtu anayebisha kwamba mzee katekista alipita juu ya mpaka. Akauliza mara ya pili. Mwenyekiti akanitazama, kisha akatazama meza. Hakuna mtu kijijini kwetu angesimama kusema kwamba mimi sikuujua mpaka. Heshima yenyewe ilikuwa inamfukuza mama yule shambani kwake. Muhuri ulikuwa mezani, umefunguliwa kifuniko.

Mimi nimewaandaa watu wengi kuungama. Huwa nawaambia waseme kosa moja kwa moja, wasianze kwa kusimulia hali ya hewa. Nikasimama.

"Sikupita juu ya mpaka. Nilipita njia ya maandamano. Nililikwepa lile eneo la tambiko."

Nikawaambia na lililobaki, kwamba kona ile ya juu ya mwamba, ambayo nimeapa mbele ya mabaraza kwamba naijua, sijawahi kuiona kwa macho yangu. Baba aliniambia tu kwamba kuna nguzo ndogo ya saruji iliyowekwa zamani za wakoloni, na naye aliambiwa.

Minong'ono ilipita darasani. Ofisa wa wilaya akasema maneno ya mzee hayatoshi kuhamisha mstari. Yalitosha mara ya kwanza, na matokeo tumeyaona. Ikionekana nguzo, atapokea vipimo vipya leo. Isipoonekana, ramani inabaki ilivyo. Alitupa hadi saa kumi na moja.

Tulipanda watu wanne: mpima, yule askari wa Singida, shemeji na mimi. Shemeji alikuja nyuma yangu na panga lake. Tulipofika kwenye chemchemi nilisimama. Ninaona haya kuliandika, mtu wa umri wangu na imani yangu, lakini miguu ilikataa. Maji yalikuwa yakitoka chini ya mwamba bila kelele.

"Pita," akasema shemeji nyuma yangu. "Nachota maji hapa tangu nilipoolewa na sijageuka nyoka. Au unaniona vingine?"

Askari alicheka akaficha mdomo. Nikafanya ishara ya msalaba, nikapita.

Juu ya mwamba palikuwa na vichaka vya miiba na kuvumwani, zile ndevu za kijivu za miti, iliyoninginia matawini. Tulitafuta. Askari alifyeka, shemeji akafyeka kwa panga lake, mimi nikapapasa kwa mikono chini ya majani yaliyooza. Saa kumi ikakaribia. Nilikuta mawe mengi yaliyokuwa mawe tu. Mpima alisimama akiangalia saa, halafu akaitundika fimbo mtini, akapiga magoti akatafuta pamoja nasi. Ilipobaki kama robo saa tu tulazimike kuteremka, panga la shemeji lililia kwenye kitu kigumu. Alipokwangua kuvu, kikatokea kichwa cha saruji, mraba, na msalaba mdogo uliochorwa juu yake kama wapimaji wa zamani walivyochora.

Mpima akaisimamisha fimbo juu yake. Pale chini ya miti kipokezi kilikawia. Aliniita nitazame kioo: setilaiti tatu za mfumo mmoja, mbili za wa pili, mbili za wa tatu, moja ya wa nne. Akasema hapa mfumo mmoja ungeshindwa. Nikahesabu pamoja naye kwa midomo, Warusi, Wachina, Wamarekani, Ulaya, hadi mlio ukasikika.

Saa kumi na moja kasoro tulikuwa darasani. Mstari mpya ulipita juu ya mwamba, na nyumba, shamba, maji na kaburi vikawa chini yake, upande wa kijiji. Shemeji alikaa akaanza kutoa miiba kwenye viganja.

Ilibaki fomu moja, yenye nafasi ya kuandika sababu ya kupima upya. Ofisa wa wilaya, kwa wema kabisa, akaninong'oneza kwamba tuandike hitilafu ya mitambo, heshima ya mzee isiguswe. Nilishika kalamu. Ninakiri kwamba nilikaa nayo muda mrefu kuliko ilivyostahili. Lakini vijiji vingine vitatu vilikuwa vimepimwa kwa fimbo ile ile, navyo vingetiliwa shaka, na fomu hii ingekwenda pamoja na maoni ya sera, ndani yake hotuba yangu na makofi yake.

Niliandika kwamba mitambo yote minne ilisema kweli, na kwamba aliyebeba fimbo aliukwepa mpaka. Nikaomba hotuba yangu ya asubuhi ifutwe, ibaki sentensi moja tu: setilaiti zitumike za mataifa yote kwa pamoja, na anayebeba fimbo asiende bila mwenye shamba.

Shemeji akaomba asomewe. Nilimsomea polepole, mbele ya watu. Alisikiliza hadi mwisho, akachukua wino, akaweka kidole gumba chini ya sahihi yangu.